Sindano Saba Zilitoka, Saba Zikarudi

Sindano saba zilitoka, na saba zikarudi. Hilo ndilo lililomsumbua Kasiva. Lau zingerudi sita, angesema moja imeanguka nyikani, akafunga mkebe, akaenda zake. Lakini zilirudi saba, zimepangwa kwa urefu kwenye kipande cha blanketi jekundu kama alivyozipanga mwenyewe, na ile ya saba haikuwa yake.

Aliichomoa akaiviringisha kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ilizunguka vizuri. Sindano yake ya saba haizunguki. Ni sindano ya tanga, nene, ncha yake ina pembe tatu zenye makali, na aliinunua kwa fundi wa mashua pale ng'ambo ya daraja la Kilifi. Fundi yule huuza moja moja, tena kwa kubembelezwa. Hii aliyoishika ilikuwa ya mviringo, nyembamba, bado inang'aa mafuta ya pakiti. Mtu ameitoa yake akaweka hii, akaichomeka palepale, kwa pembe ileile.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza Kasiva aliyashuku macho yake, akaweka nyingine. Mara ya pili alinyamaza, akaenda kununua nyingine kwa fundi wa mashua, akaiweka. Hakuwa mtu wa kuropoka. Kwao Kibwezi mama yake alimfundisha kwamba mtu akipoteza kitu, kwanza akung'ute nguo zake mwenyewe. Basi alikung'uta. Alipekua droo ya cherehani, akafagia chini ya meza, akachungulia mpaka ndani ya pochi yake. Hakupata kitu.

Kasiva alikuwa fundi wa mahema katika ghala moja la mabati upande wa Bofa, mali ya Gitau, mtu wa bara aliyekuja pwani kuuza vifaa vya kambi akaishia kuwatembeza watu nyikani. Safari yake kubwa ilikuwa ya siku mbili kwa miguu, kutoka lile korongo jekundu la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari, kupitia vichaka vya miiba hadi mto Sabaki. Kazi ya Kasiva ilikuwa kushona kilichorudi kimechanika, na kufunga mkebe wa kushonea kitakachochanika huko.

Mkebe huo ulikuwa fahari yake. Zamani ulikuwa mfuko mzima, wenye mkasi, rila za nyuzi, koleo na mengineyo, ukining'inia kama mtoto mgongoni. Mwanzoni mwa mwaka Gitau alisema wageni wa siku hizi wanapima mpaka mswaki, kwa hiyo mfuko ugeuke kitu cha kutia mfukoni. Kasiva alichukua wiki nzima. Alitafuta mkebe wa bati wa peremende, mpana kama kiganja. Mkasi ulitoka, ukaingia nusu ya wembe iliyobanwa kwenye gamba la kadi. Rila zilitoka, akakata kadi ya simu ya zamani meno pembeni akazungushia uzi mweusi uliopakwa nta, mita kumi, na juu yake uzi mweupe. Koleo lilitoka. Kibano kikatoka. Ziliingia pini sita za kufunga, vichwa viwili vya zipu, bizimu moja la plastiki, viraka vitatu vya kitambaa cha hema vyenye pembe zilizoviringwa ili zisibanduke, kitubu cha gundi kisichozidi kidole cha mwisho, na kipande cha bomba jembamba la kuungia ufito wa hema ukivunjika. Sindano zilikuwa saba, kila moja tayari na uzi wake, kwa sababu mtu aliyechoka, mwenye jasho machoni, hawezi kuutia uzi tunduni. Alipomaliza aliutikisa mkebe sikioni. Haukulia. Hapo ndipo alipojua umefungwa sawasawa.

Ndani ya kifuniko alibandika karatasi, akaandika kwa kalamu nzito: *Sindano hizi ni za mahema na mabegi. Si za miiba wala meno.* Wabebaji walicheka sana siku hiyo. Kasiva hakucheka. Alikwisha kuona sindano zake zikirudi zimepinda, zina kutu ya damu na mate.

Sasa haya ya kubadilishwa. Na safari hii hayakuishia mkebeni. Kule Marafa mkanda wa begi la mgeni mmoja, mwanamke wa Nairobi aitwaye Nyakio, ulikatika njiani. Karisa, kiongozi wa njia, alitoa mkebe akaanza kuushona, na sindano ya saba ikavunjika mara ya pili tu ilipopita kwenye mkanda. Zile nyingine zilikuwa ndogo mno kwa kitu kile. Nyakio alilipakata begi lake kifuani kwa saa tatu kama mwana mchanga, na alipofika nyumbani akaandika habari hiyo mtandaoni, pamoja na picha.

Gitau alimwita Kasiva asubuhi yake. Hakupandisha sauti. Alimwonyesha simu, akamwacha asome mpaka mwisho, kisha akamsikiliza habari ya sindano.

"Mkebe unafungwa na nani?" akamuuliza.

"Mimi."

"Na unabebwa na nani?"

"Karisa. Kwenye mfuko wa shati, amefunga kifungo."

"Hakuna mwingine?"

"Sijaona mwingine."

"Na unasema sindano zinabadilishwa."

"Nasema iliyovunjika si niliyoiweka. Imerudi nyingine tena badala ya hiyo. Zaidi ya hapo sijui."

Gitau aliigeuza simu kifudifudi. "Mama, mimi sina muda wa vitendawili. Safari ijayo ni Alhamisi. Ijumaa jioni wakirudi, uniletee jina. Mwenye jina aende zake. Na ukikosa jina, basi jina nitakalokuwa nalo ni lako, maana mkebe ni wako."

Kasiva akasema, "Nimesikia."

Alirudi kwenye cherehani yake, lakini mguu haukukanyaga. Karisa. Alimjua kwa miaka sita, mwanamume wa makamo, mtu wa Ganze, mpole, mwenye kutembea kama asiyetaka kuiamsha ardhi. Lakini alipoanza kumfikiria kwa jicho la kushuku, kila kitu chake kilianza kunuka. Mbona akirudisha mkebe hampi mkononi? Huuweka mezani, hurudi hatua moja nyuma, husubiri auchukue. Alipomuuliza siku moja, alisema kwao sindano haipokezanwi mkono kwa mkono, bibi yake alikuwa akisema mtapokezana na ugomvi. Siku hiyo Kasiva aliona ni adabu. Leo alijiuliza kama si namna ya mtu asiyetaka kutazamwa machoni.

Adhuhuri Hope, msichana aliyekuwa akifunga mfuko wa dawa na vyakula vya safari, alikuja na chai, akakaa juu ya marobota ya turubai.

"Dada yangu, mimi sisemi kitu," alianza, na Kasiva akajua kwamba atasema. "Lakini yule mtu wako nimemwona na chupa."

"Mtu wangu nani?"

"Karisa. Kachupa ka dawa, kale keupe ka vidonge. Siku waliporudi, alikuwa kule kwenye bomba la maji, akakatikisa. Nikasikia *cha-cha-cha*. Nikamuuliza ni vidonge vya nini, akakitia mfukoni. Sasa vidonge havilii hivyo. Chuma ndicho kinacholia hivyo."

"Ulikiona kilichomo ndani?"

"Niliona ncha alipokuwa anafunga. Sindano, dada. Chupa ya sindano." Hope aliinama. "Mtu wa kuweka sindano kwenye chupa anataka nini?"

Kasiva aliweka kikombe chini. Alimtazama Hope mpaka binti akakaa sawa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi liishie kwangu. Katika kaunti hii neno kama hilo la uchawi limewahi kuwatoa watu roho, na aliyelianza naye alikuwa hasemi kitu."

"Mimi nimesema nilichoona."

"Na mimi nimekusikia. Lakini uliona chupa na ncha. Hayo mengine umeshona wewe."

Hope alinuna, akachukua vikombe akaondoka. Kasiva mwenyewe, hata hivyo, hakulala vizuri usiku ule. Chupa ililia kichwani mwake.

Jumanne alikwenda kwa Okoth, fundi viatu mwenye kibanda karibu na soko. Aliwaza hivi: sindano ya tanga haina kazi kwa mtu wa kawaida. Anayeitamani ni fundi viatu. Kama Karisa anaziuza, atakuwa anamuuzia Okoth au mwenzake wa aina hiyo.

"Mama wa mahema," Okoth alisema bila kuinua macho kwenye kisigino alichokuwa akikipigilia misumari. "Umeniletea kazi au umbea?"

"Nimekuletea swali."

"Maswali siyatii soli. Lakini lete."

Kasiva alitoa ile sindano ngeni kwenye leso. Okoth aliitazama, akaigonga na kucha.

"Huyu ni mtoto wangu. Nazinunua Mombasa, pakiti nzima. Za kushonea mikoba ya kina mama wa kanisani. Nani amekuuzia?"

"Hakuna. Nimeikuta. Kuna mtu wa kwetu amewahi kununua kwako?"

"Yule kimya, mrefu. Karisa. Mara tatu sasa." Okoth aliacha nyundo, kwani umbea ulikuwa umeanza kupata ladha. "Tena mara ya kwanza alikuja na kijiti. Amekikata, amekilainisha, akasema nataka sindano ya urefu huu huu, isizidi wala isipungue. Nikamwambia, ndugu, unashona viatu au unapima jeneza la panya? Hakucheka."

"Alikuja na kipimo," Kasiva alirudia polepole.

"Na mtu anayekuja na kipimo ana mpango."

"Amekuuzia kitu?"

"Kama nini?"

"Sindano ya tanga. Ya pembe tatu."

Okoth alitabasamu. "Mama, ningekuwa nayo ningekwambia? Ningeificha chini ya ulimi. Lakini sina. Pekua." Akamsogezea boksi lake la misumari na misharasi ya kutobolea ngozi. Kasiva, kwa kuwa ndivyo alivyo, alipekua kweli, kitu kimoja kimoja, Okoth akimwangalia kwa mshangao. Haikuwamo.

Basi alipata nusu ya jibu, na nusu ile ilikuwa mbaya. Karisa ndiye anayebadilisha. Tena kwa makusudi, kwa kipimo, na kwa kujificha. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa Gitau na jina. Kasiva alitembea mpaka ghalani huku jina liko mdomoni, akakaa nalo, akalimeza. Alijua nani. Hakujua kwa nini, na sindano zilikokwenda hakujua.

Jumatano alinunua nyingine kwa fundi wa mashua. Kabla ya kuitia uzi, alichukua rangi ya kucha ya binti yake, akaweka nukta moja nyekundu pembeni mwa tundu. Kisha akamwendea Gitau.

"Nataka kwenda na safari hii."

"Wewe? Na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu. Umesema nikuletee jina. Siwezi kuleta jina la kitu nisichokiona."

Gitau alimtazama kwa muda, na Kasiva akaona kwamba anashukiwa yeye pia, labda kwa kutaka kupatana na mwizi njiani. "Nenda," akasema mwishowe. "Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Marafa kulikuwa na joto kavu lililopanda kutoka korongoni kama kutoka mdomo wa tanuri. Wageni walikuwa sita, wabebaji wanne. Mkubwa wao alikuwa Mangi, mzee mwenye mabega mapana na kandambili za tairi, ambaye wote walimwamkia shikamoo naye akaitika huku ameshakwenda. Karisa alimwona Kasiva akishuka garini na raba zake, akatabasamu.

"Dada Kasiva, leo umeihama cherehani?"

"Gitau anataka niyaone mahema yakisimamishwa."

Haukuwa uongo mzima, lakini ulimchosha kama uongo mzima. Alimpa mkebe. Alikuwa amenyoosha mkono, kisha akakumbuka, akauweka juu ya boneti ya gari. Karisa aliuchukua, akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Siku nzima Kasiva alitembea nyuma yake. Njia ilipita kwenye vichaka vya migunga, na miiba mikavu iliyoanguka ilitapakaa mchangani, myeupe, mirefu kama njiti za kiberiti. Aliutazama mfuko ule mpaka macho yakauma. Kifungo hakikufunguliwa. Lakini aliona kitu kingine. Kila waliposimama wageni wanywe maji, Karisa alimwita Mangi kwa kichwa tu, nao wakapotea nyuma ya kichaka, wakakaa muda wa mtu kula ndizi mbili, wakarudi.

Mara ya tatu aliuliza, "Mnakwenda wapi?"

"Kuangalia njia mbele," Karisa alijibu. Njia ilikuwa upande wa pili.

Walilala kambini. Asubuhi mgeni mmoja alichana mlango wa hema kwa zipu, na Karisa akauleta mkebe kwa Kasiva, akauweka juu ya jiwe. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kasiva aliufungua. Sindano saba. Aliishika ya saba: pembe tatu, nukta nyekundu. Ilikuwamo. Alishona zipu kwa sindano ya nne, akaurudisha mkebe mahali pake. Basi kama ni leo, alijiambia, ni kati ya hapa na mtoni.

Saa nne walisimama chini ya mikwaju. Karisa alitoa ishara yake ya kichwa. Safari hii Kasiva hakuuliza. Alisubiri wapotee, akasema anakwenda haja, akazunguka kichaka kwa upande wa juu, akikanyaga alipokanyaga mbuzi.

Mangi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye paja la Karisa, unyayo juu. Mkebe ulikuwa wazi mchangani. Karisa alishika kiberiti cha gesi kwa mkono mmoja na sindano kwa mwingine, akaipitisha ncha motoni, akapuliza, akainama juu ya unyayo ule mgumu kama gome. Kasiva aliona nukta nyekundu ikiingia na kutoka. Aliona ngozi ikifunguka, na mwiba ukitokeza kichwa, na Karisa akiukamata kwa kucha akauvuta. Ulikuwa na urefu wa kiungo cha kidole. Damu ikafuata.

Kilichomshtua Kasiva hakikuwa damu. Ni kwamba wakati wote huo Mangi alikuwa akisimulia habari za mbuzi. Mbuzi wa jirani yake ameingia shambani, jirani anasema si wake, basi ni wa nani, na sindano iko unyayoni inachimba, na sauti ya mzee haikupanda wala haikushuka.

Karisa alitoa kachupa keupe, akaitumbukiza sindano ndani yake. *Cha.* Kutoka mfuko wa suruali akatoa kikaratasi kilichokunjwa, na ndani yake sindano ya Okoth, imekwisha kutiwa uzi. Akaichomeka kwenye blanketi jekundu, mahali pa saba. Akaisogeza kidogo iwe sawa na wenzake.

Kasiva alikohoa.

Mangi aliacha mbuzi wake njiani. Karisa hakuruka. Alifunga mkebe taratibu, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hii.

"Umetufuata, dada."

"Nimeifuata sindano yangu." Alikaa chini mchangani, kwa kuwa magoti yalikuwa yamechoka na kwa kuwa hakutaka kusema akiwa amewasimamia. "Baba Mangi, mguu huo hauumi?"

Mzee aliuangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Umelala tu. Una usingizi mzito."

"Ni sukari," Karisa alisema. "Miguu yake ina ganzi. Mwiba huingia saa mbili asubuhi, yeye ataujua usiku akiona damu kwenye mkeka. Kwa hiyo mimi huangalia. Kila tunaposimama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka huu uanze ndiyo imezidi."

"Na sindano?"

"Mke wangu Zipporah ni mhudumu wa afya wa kijiji. Asema sindano ikishaingia mwilini mwa mtu hairudi kwa wenzake, hata uichome moto. Mwingine atajidunga akishona. Basi naitia chupani, namkabidhi, naye huipeleka zahanati wanakotupa zao." Alikatikisa kachupa kidogo. "Nachukua hiyo kubwa kwa kuwa nyingine hupinda. Unyayo wa huyu mzee ni tairi."

"Tairi iko kwenye kandambili," Mangi alisema. "Mimi nina ngozi."

"Ungeniambia, Karisa. Ulinunua nyingine, ukaenda na kijiti ukipima. Unajua nilikufikiria nini?"

Karisa aliufungua mkebe, akamgeuzia kifuniko. *Si za miiba wala meno.*

Kasiva aliyasoma maandishi yake kama ya mtu mwingine.

"Zamani tulikuwa na kibano," Karisa aliendelea. "Mwaka jana. Mwiba ukiwa mpya nilikuwa nauvuta nacho, hata sindano haikuhitajika. Kikaondoka. Nikatazama mfuko wa dawa, nako hakimo."

Kasiva alijiona mezani, wiki ile, akishika kile kibano kidogo, akijiambia: hiki ni cha mfuko wa dawa, Hope atakuwa nacho. Na sasa alikumbuka Hope akipita nyuma yake siku zilezile, mikononi ana vitu vyake vya kupunguza, akisema kwa furaha kwamba na yeye amepata nafasi, maana vibano viwili safari moja ni vya nini. Kila mmoja alitoa chake kwa kumwamini mwenzake. Mkebe haukulia alipoutikisa. Hakujiuliza kama ukimya ule ulikuwa wa kitu kisichokuwamo.

"Nilikitoa mimi," alisema.

"Sikutaka kukusema kwa Gitau."

"Wala mimi sikutaka Gitau ajue kuhusu miguu," Mangi aliongeza. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Atasema nikae nyumbani. Nikikaa nyumbani, nitakaa na mbuzi wa jirani."

"Gitau anataka jina leo jioni," Kasiva alisema, na akawaeleza yote, mpaka kwa Okoth, mpaka rangi ya kucha. Hakumtaja Hope na chupa yake. Karisa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Basi mpe langu," akasema. "Ndiye mimi."

"Ningetaka, ningekuwa nimelitoa tangu Jumanne." Kasiva alimgeukia Mangi. "Baba, nakuheshimu. Lakini mguu usiosikia hautembei kwenye miiba hii ukiwa na kilo ishirini mgongoni. Siku moja Karisa ataukosa mwiba mmoja. Kesho utakwenda zahanati. Jumatatu saa mbili utakuja ghalani umwambie Gitau kwa mdomo wako. Mimi sitalisema jina lako kabla ya hapo."

"Na nisipokuja?"

"Utakuwa umenifukuza kazi."

Mangi aliutoa mguu pajani mwa Karisa, akauvisha kandambili. Akainuka akaenda kubeba mzigo wake, na njia nzima hadi mtoni Kasiva alimtazama mgongo asijue ndani yake mna nini.

Gitau alikuwa akiwasubiri ghalani, amekaa kwenye kiti cha Kasiva, mbele ya cherehani.

"Jina," akasema.

"Kasiva."

Gitau alifumba macho. "Nimesema sina muda wa vitendawili."

"Si kitendawili. Nilipopunguza mfuko nilitoa kibano nikidhani kiko kwenye dawa. Hope akatoa chake akidhani kiko kwangu. Sindano kubwa ikawa inatumika kutolea miiba, na ikishatumika mwilini hairudishwi mkebeni, na hiyo ni haki. Iliyowekwa badala yake haikufaa mkanda wa begi. Hakuna iliyouzwa. Kosa liko kwenye ufungaji, na mfungaji ni mimi."

"Miiba ya nani?"

"Ya njia ya Marafa."

"Sindano tatu, safari tatu. Miiba hiyo inamchoma nani?"

"Mwenyewe atakuja Jumatatu saa mbili akwambie."

Gitau alimtazama Karisa aliyesimama mlangoni, kisha akamtazama tena Kasiva. Alikuwa na uso wa mtu anayepewa noti anayoishuku, anayeigeuza kwenye mwanga. "Na asipokuja?"

"Jina unalo."

Jumatatu Kasiva alifika saa moja. Alimwaga vyote mezani akaanza upya. Kibano kipya kilikataa kuingia, kikaingia alipotoa kiraka kimoja. Juu ya blanketi jekundu aliongeza nafasi ya nane, ya sindano ya tanga iliyotiwa uzi mwekundu. Karatasi ya kifuniko aliibandua akaandika nyingine, isiyokataza tena miiba.

Saa mbili ikafika. Gitau alitoka ofisini akatazama barabara, akarudi. Saa mbili na nusu. Hope alipita mara mbili bila sababu. Kasiva aligundua kwamba amekunja mkanda uleule mara nne. Alikuwa ameanza kumfikiria Mangi kama alivyomfikiria Karisa wiki iliyopita: ule ukimya wake, ule mgongo. Mzee mjanja. Amechagua mbuzi wa jirani. Kisha akajikataza, kisha akaanza tena.

Saa tatu kasoro alisikia kandambili za tairi kwenye changarawe. Mangi aliingia ana kadi ya zahanati mkononi na kitambaa cheupe mguuni, amekasirika.

"Foleni," alisema. "Jumamosi wamefunga mapema. Leo nimekuwa wa kumi na saba. Bosi yuko?"

Alikaa ndani ofisini kwa muda mrefu. Hazikusikika kelele. Alipotoka alisimama mbele ya meza ya Kasiva.

"Sibebi tena," akasema. "Nitakwenda na gari, nisimamishe mahema kabla hamjafika. Amesema nivae viatu vya kufunika. Viatu, mimi." Alitafakari. "Umenipunguza, mama, kama ulivyoupunguza mfuko."

"Lakini sijakutoa, baba."

Mzee aliguna, na katika mguno ule Kasiva hakuweza kutambua kama amesamehewa.

Gitau alimfuata nyuma. Hakusema habari ya Ijumaa. Aliufungua mkebe mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akahesabu kwa kidole.

"Nane. Ilikuwa saba."

"Ya uzi mwekundu ni ya miiba. Hiyo ikitoka hairudi. Usiihesabu kurudi."

Gitau alihesabu tena, akasoma kifuniko, akaufunga. Tangu siku hiyo, kila safari, huuhesabu mwenyewe kabla na baada, na Kasiva humwacha.

Karisa alikuja kuuchukua adhuhuri. Kasiva aliutikisa sikioni kwanza. Ulilia kidogo, kibano kikigonga bati. Alifikiri kukizungushia kitambaa, kisha akakiacha kilie. Akauweka mezani, akarudi hatua moja nyuma.